Mtoto akitaka kuona ngome za Wajerumani, anzeni na Songea

Watoto wengi wa Songea wameshaliona kasri la Neuschwanstein bila kulijua jina lake. Ni lile jeupe lenye minara mirefu myembamba, juu ya jabali, msitu chini yake, linalopita kwenye video za simu ya mama wakati wa likizo. Mfano wake wa katuni upo hata kwenye mabegi ya shule, nyuma ya binti mfalme mwenye gauni la buluu. Mtoto akiuliza ni wapi huko na kujibiwa kuwa ni Ujerumani, swali la pili halichelewi: tutaenda lini?

Mzazi anaweza kujibu kwa hesabu. Viza ya kuingia nchi za Schengen, Ujerumani ikiwemo, ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi kumi na mmoja. Hapo tiketi ya ndege haijaguswa, wala hoteli, wala treni ya kufika kasri lenyewe. Watoto watatu na wazazi wawili, na mazungumzo yanaisha.

Lakini kuna jibu jingine, na linagharimu nauli ya bajaji tu. Wajerumani walijenga ngome zao hapa pia. Baadhi bado zimesimama, nyingine zimebaki majina, na moja ya habari kubwa kuliko zote za ngome hizo ilitokea Songea, ambako leo mtoto anapita kila siku akienda shule.

Kasri lisilo la kale

Ni vizuri mtoto aanze kwa kujua kwamba lile kasri la kwenye simu linadanganya umri. Neuschwanstein halikujengwa enzi za wapiganaji waliovaa chuma wakiwa juu ya farasi. Ujenzi wake ulianza mwaka 1869, chini ya Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria, aliyependa mno hadithi za kale. Lina mfumo wa kupasha joto, maji ya bomba, na ukumbi wa kiti cha enzi ambao kiti chenyewe hakikuwahi kuwekwa, kwa sababu mfalme alifariki mwaka 1886 kabla kazi haijaisha. Wiki chache baadaye watalii wakaanza kuingia kwa kiingilio, na hadi leo hawajaacha. Kwa mwaka hufika zaidi ya milioni moja.

Ngome za kale kweli ni nyingine, na si nzuri kiasi hicho. Wartburg ilianzishwa mwaka 1067. Humo ndimo Martin Luther alimojificha mwaka 1521 na kutafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Marksburg, juu ya mto Rhine, ndiyo ngome ya mlimani ya eneo lile ambayo haikuwahi kubomolewa. Ukiingia ndani unakuta ngazi nyembamba, vyumba vya giza, jiko kubwa lenye masizi, na choo ambacho ni chumba kidogo kilichochomoza nje ya ukuta, uchafu ukidondoka moja kwa moja chini. Watoto wa nchi yoyote ile hukumbuka choo hicho kuliko jina la mwenye ngome.

Iko pia Pfalzgrafenstein, iliyojengwa kuanzia mwaka 1326 katikati ya mto Rhine kama meli iliyogeuka jiwe. Kazi yake haikuwa kumlinda binti mfalme yeyote. Ilikuwa kituo cha ushuru. Mashua zilizopita na mizigo zilizuiwa kwa mnyororo mpaka zilipe. Ngome nyingi za mto huo zilifanya biashara hiyohiyo: ukuta mnene, silaha juu, na chini yake mtu anayetoa pesa asizotaka kutoa.

Hapo mtoto wa Ruvuma tayari ameshaelewa zaidi ya nusu ya habari ya boma.

Burg kando ya Ziwa Nyasa

Kwa Kijerumani ngome huitwa Burg, na kasri la fahari huitwa Schloss. Wajerumani walipoitwaa Tanganyika walikuja na neno hilo la kwanza mfukoni. Kituo chao cha Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, walikiita Bismarckburg, kwa jina la kansela wao. Kituo cha kaskazini mwa Ziwa Nyasa wakakiita Langenburg, kwa heshima ya mwana wa mfalme wa ukoo wa Hohenlohe-Langenburg aliyeongoza chama chao cha makoloni. Ukoo huo una kasri lake huko Ujerumani hadi leo, katika mji unaoitwa Langenburg vilevile. Baadaye makao ya wilaya yakahamia milimani na kuitwa Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Sisi tunapaita Tukuyu.

Wenyeji hawakuyapokea majina hayo. Waliita kila ngome ya Mjerumani kwa neno lao wenyewe, boma, lile la kuzungushia ng'ombe au mji ili adui na mnyama wasiingie. Neno likashinda. Mpaka leo mtu anayekwenda ofisi ya mkuu wa wilaya husema anakwenda bomani, na wala hafikirii bunduki.

Maboma hayo yalijengwa yakifanana na ngome za kwao kwa makusudi: kuta nene, minara kwenye pembe, ukingo wa juu wenye meno kama msumeno, matundu membamba ya kupenyeza mtutu. Boma la Mikindani, lililojengwa mwaka 1895, leo ni hoteli. La Arusha, lililokamilika mwaka 1900, ni makumbusho ya viumbe. Waliobeba mawe na chokaa yake walikuwa wenyeji waliolazimishwa. La Iringa, la mwaka 1914, ni makumbusho pia. Familia inayosafiri mikoa hiyo kwa harusi au msiba inaweza kuchepuka saa moja tu, na mtoto akagusa ukuta kwa mkono wake.

Songea yenyewe ilipata kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwaka 1897. Mwaka uliofuata ikaanza kukusanywa kodi ya nyumba, rupia 3 kwa mwaka. Aliyekosa rupia alilipa kwa kazi. Mnyororo wa mto Rhine ulikuwa umefika Ungoni.

Walikoitwa mashujaa

Kituo hicho kiliwekwa katika eneo la Nduna Songea Mbano, mmoja wa wakuu wenye nguvu kuliko wote katika himaya ya Njelu, na mji ukachukua jina lake. Juu yake, kwa cheo, alikuwa Nkosi Mputa Gama. Vita vya Majimaji vilipoanza Julai 1905 huko Umatumbi, kwa watu kung'oa pamba waliyolazimishwa kulima, habari ya dawa ya maji ilisafiri kusini na magharibi mpaka ikawafikia Wangoni. Nao wakaingia vitani. Oktoba mwaka huohuo walishambuliwa na jeshi la Wajerumani, na bunduki za mfululizo zikaonyesha kwamba maji hayakuzuia risasi.

Kilichofuata hakikuwa mapigano tena. Wajerumani walichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula. Njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria wanakadiria kwamba vita nzima, kutoka pwani hadi Ziwa Nyasa, ilichukua roho kati ya 200,000 na 300,000.

Februari 27, 1906, hapa Songea, Wajerumani waliwanyonga Nkosi Mputa na wenzake zaidi ya 60, wakawazika katika kaburi moja. Songea Mbano hakuwa kati yao siku hiyo. Wazee husimulia kwamba Wajerumani walikuwa tayari kumwacha hai, kwa sababu ya ushawishi wake, naye akakataa kubaki peke yake ilhali wenzake wamekwisha. Alinyongwa siku chache baadaye na kuzikwa kaburi la pekee. Na kwa masimulizi ya ukoo wake, aliyezikwa humo hana kichwa. Kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Makaburi hayo mawili yapo katika Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, eneo la Mahenge, ndani ya Manispaa. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1980 na tangu mwaka 2010 liko chini ya Makumbusho ya Taifa. Nje kuna sanamu za viongozi wa Kingoni. Ndani kuna ngao, mikuki na vitu vya maisha ya wakati ule. Watu wa Songea wanalipita jengo hilo mara nyingi kuliko wanavyoliingia. Majimaji kwa mtoto wa kiume ni uwanja wa mpira na timu ya Wanalizombe. Si vibaya, lakini jina lina mwenyewe.

Umwambie nini, na kwa umri gani

Wazazi wengi huogopa sehemu ya kunyongwa. Wengine huikwepa kabisa, wanampitisha mtoto kwenye mikuki na ngao, wanapiga picha na kuondoka. Mtoto hubaki na makumbusho ya mikuki tu. Wengine husimulia kila kitu, kamba na kichwa kilichokatwa, kwa mtoto wa miaka minne, halafu usiku wanashangaa hataki kulala peke yake.

Kwa mtoto wa chini ya miaka saba inatosha kusema kwamba hapa wamelala babu zetu waliouawa kwa sababu walikataa kutawaliwa, na tumekuja kuwasalimia. Hilo ni kweli tupu, na si la kumtisha. Mwache acheze na sanamu kwa macho, ahesabu nani ana ngao na nani hana.

Wa darasa la nne hadi la saba anaweza kusikia kuwa walinyongwa. Atauliza kwa nini walidhani maji yatazuia risasi, na mara nyingi atacheka. Si busara kumkaripia. Afadhali kumrudishia swali: watu wanaolipishwa kodi wasiyo nayo, wanaolimishwa kwa viboko, wenye makabila tofauti yasiyoaminiana, wangeunganishwa na nini? Dawa ile iliwaunganisha watu wa makabila mengi dhidi ya adui mmoja, jambo ambalo hakuna mkuu mmoja aliyeliweza kwa amri. Ilishindwa kuzuia risasi. Hilo la kuunganisha haikushindwa.

Mwenye binti asiondoke bila kulitaja jina la Mkomanile. Alikuwa nduna wa Kitanda, upande wa Namtumbo, na ndiye mwanamke pekee anayetajwa kati ya walionyongwa. Wasichana ambao kwenye begi la shule wanaona mwanamke wa kwenye kasri akisubiri kuokolewa wanastahili kusikia habari ya mwingine.

Kwa wa sekondari, mzazi asiwe mwalimu. Aulize tu. Nani alijenga? Nani alibeba mawe? Ukuta ulimzuia nani? Kijana akishazoea maswali hayo matatu atayauliza popote, Mikindani au Marksburg, na siku moja akifika Ulaya hatatembea akishangaa minara tu.

Ngome ya Songea Mbano

Nje kidogo ya katikati ya mji kuna mlima wa Chandamali na pango lake, ambalo wenyeji hulitaja kuwa maficho ya Nduna Songea Mbano. Ukitoka makumbusho na kwenda huko siku hiyohiyo, mtoto anaona kitu ambacho kitabu hakimwonyeshi vizuri. Upande mmoja walikuwa na ukuta wa kujengwa na upande mwingine jiwe la Mungu. Wavaeni viatu vya kufunga, beba maji na karanga, na msiende wakati wa mvua kubwa kwa sababu miamba huteleza.

Anayetaka kuona ukuta wa Mwafrika asikose Kalenga, karibu kilometa 15 kutoka mjini Iringa. Hapo Mkwawa, mtwa wa Wahehe, alijenga ngome ya mawe, na Wajerumani waliibomoa kwa mizinga Oktoba 1894. Yaani ngome hazikuwa za upande mmoja, na mtoto asiyejua hilo atakua akidhani kujenga kwa mawe ni ujuzi uliokuja na meli.

Halafu wachukue watoto Peramiho, umbali wa kama kilometa 25. Hili linawachanganya watoto, na ni vizuri liwachanganye. Wamisionari Wabenediktini walioianzisha mwaka 1898 walitoka St. Ottilien, Bavaria, nchi ileile ya Neuschwanstein. Nyumba yao ya kwanza huko ilikuwa kasri dogo la kale katika kijiji cha Emming. Mwanzilishi wa Peramiho, Cassian Spiss, alikuwa amekwisha kuwa askofu alipouawa na wapiganaji wa Majimaji Agosti 1905 akiwa safarini upande wa Liwale. Mwezi uliofuata misheni ya Peramiho ikachomwa. Baadaye ilijengwa upya, na hospitali yake ndimo walimozaliwa watoto wengi wanaosomewa makala hii.

Kwa hiyo mtoto anapouliza kama Wajerumani ni watu wabaya, mzazi asikimbilie ndiyo wala hapana. Padri aliyewabatiza wengi wa waliohukumiwa kabla hawajanyongwa alikuwa wa misheni ya Wajerumani, na aliyetoa amri ya kunyonga alikuwa Mjerumani. Dada aliyemshika bibi alipojifungua naye pengine alikuwa Mjerumani. Mtoto wa miaka kumi anaweza kubeba mambo matatu kwa wakati mmoja. Watu wazima ndio wanaosahau.

Kichwa

Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika makumbusho ya Songea, akakutana na wana ukoo wa Songea Mbano, na akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu wa hapa. Alisema Ujerumani itashirikiana kukitafuta kichwa cha Songea Mbano, ila hakuweza kuahidi kwamba kitapatikana. Alikiri pia kuwa Wajerumani wengi hawaijui habari hii. Watoto wengi wa Songea waliokuwa shuleni siku hiyo wanaukumbuka msafara wa magari. Ni juu ya mzazi kuwaeleza mgeni alikuja kufanya nini.

Kutafuta kichwa kilichopotea zaidi ya miaka mia si hadithi ya kujifariji. Fuvu la Mkwawa lilidaiwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, likarudishwa mwaka 1954 kutoka Bremen, na leo lipo Kalenga. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin, waliokuwa wakichunguza mafuvu kama 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, walitangaza kuwa kwa vipimo vya vinasaba wamewapata ndugu walio hai hapa Tanzania. Mmoja wa waliotambuliwa ni akida wa Mangi Meli wa Old Moshi, yule Meli aliyenyongwa na Wajerumani Machi 1900. La Songea Mbano halijapatikana.

Na ngome bado zinahusika. Katikati ya Berlin kuna kasri la wafalme wa Prussia lililobomolewa kisha likajengwa upya, na tangu mwaka 2020 limefunguliwa kama jumba la maonyesho liitwalo Humboldt Forum. Makumbusho yenye vyumba humo ina maelfu ya vitu vilivyochukuliwa Tanganyika enzi za ukoloni, vikiwemo vya wakati wa Majimaji. Mtalii wa Kitanzania akifika pale anaweza kukuta ngao ya mtu ambaye kaburi lake liko Mahenge. Wazazi walio na ndugu Ujerumani wawaambie wapite, wapige picha, wawatumie watoto kwenye simu ileile iliyowaonyesha Neuschwanstein.

Kumbukizi ya mashujaa hufanyika kila mwaka makumbusho, kilele chake Februari 27, kwa ngoma za lizombe na kuweka silaha za jadi makaburini. Siku hiyo watu ni wengi na watoto wadogo huchoka mapema, kwa hiyo mwenye watoto aende asubuhi. Siku za kawaida ni tulivu zaidi. Kaburi la Songea Mbano lipo peke yake, pembeni na lile kubwa, na mtoto anayejua habari yake atasimama hapo muda mrefu kuliko mlivyopanga.